Kashozi: Misheni Iliyozaliwa na Vita vya Ndugu



Wapendwa wanaparokia, sisi wa Nshambya na wa Buhaya yote tunaukumbuka mwaka 1892 kuwa ndio mwaka Wamisionari wa Afrika walipoanzisha misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wetu wa Bukoba. Ni mwaka wa baraka. Lakini ni mara chache tunajiuliza mapadre wale walitoka wapi. Walikuwa wakimbizi wa vita.

Vita hivyo, vya wenyewe kwa wenyewe, vilipiganwa Buganda kuanzia mwaka 1888. Viligombaniwa kiti cha enzi, vyeo na dini. Lakini chini yake palikuwa na biashara ya watu. Kwa miaka mingi misafara ya pwani ilipanda kutoka Tabora, ikapumzika Kafuro kule Karagwe, kisha ikaendelea hadi kwa Kabaka. Ilileta nguo na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Bunduki ziliteka watu, na watu waliotekwa wakanunua bunduki nyingine.

Mwaka huohuo wa 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka wa kulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie akazunguka Ulaya akihubiri dhidi yake. Mwezi Septemba Kabaka Mwanga alipinduliwa. Mwezi uliofuata chama cha Waislamu, kikiungwa mkono na wafanyabiashara wa pwani, kiliwafukuza Wakristo wote, Wakatoliki na Waprotestanti. Hao wakaungana, wakapigana bega kwa bega, na kufikia mwaka 1890 walikuwa wamemrudisha Mwanga madarakani.

Tungetamani masimulizi yaishie hapo. Hayakuishia. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti walielekezeana bunduki wao kwa wao. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim, na Wakatoliki wakashindwa. Askofu Hirth akakimbilia upande wetu wa ziwa, uliokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka huo haujaisha, Kashozi ikazaliwa.

Tutafakari jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1886 vijana wa madhehebu yote mawili walichomwa moto pamoja Namugongo kwa ajili ya Kristo yuleyule. Miaka sita tu baadaye ndugu zao waliuana. Na watumwa je? Walikuwamo nyumbani mwa Wakristo pia. Ndiyo maana mwaka 1893, baada ya vita, ilibidi machifu 40 wa Kiprotestanti watie sahihi tamko la kuukataa utumwa. Ubatizo ulikuwa umetangulia. Uongofu ulikuja nyuma ukichechemea.

Tusiwanyoshee kidole majirani. Hapa kwetu Buhaya palikuwa na nyarubanja: Mkama aliweza kumpa ndugu yake au kipenzi chake ardhi pamoja na watu waliokaa juu yake, nao wakawa wanamtolea mazao na kumfanyia kazi katika migomba waliyoipanda babu zao. Hawakuitwa watumwa, lakini hawakuwa huru. Misheni ilipofikisha miaka 70, utaratibu huo ulikuwa ungalipo; ilingojewa sheria ya serikali ya mwaka 1965 ili watu hao waanze kuimiliki ardhi yao.

Mtume Paulo alimwomba Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa. Ombi hilo linabisha hodi hata leo. Yule binti anayetulelea watoto, je, anakula nasi mezani? Yule kijana anayetulimia shamba, ujira wake tunaulipa kwa wakati? Imani yetu ilifika mikononi mwa wakimbizi walioshindwa vitani. Isiwe sababu ya kumfanya yeyote mkimbizi ndani ya nyumba zetu.

Tuwaombee marehemu wa pande zote za vita vile. Jumapili njema.