Shufaa si Shifaa

Kaka yangu ndiye aliyeisoma ile kadi kwanza. Shangazi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, nyumbani kwake Tanga, saratani ya shingo ya kizazi imekwisha kusambaa. Ndiyo kwanza tulikuwa tumemtoa katika hospitali moja kubwa ambako daktari alituambia, bila hata kukaa, kwamba hakuna la kufanya tena, tumrudishe tu nyumbani. Kwenye kadi, mtu mwingine alikuwa ameongeza kwa kalamu ya bluu: "Apate tiba shufaa." Kaka akanyanyua mikono. "Alhamdulillahi," akasema, "wameandika shifaa. Atapona."

Hakuna aliyemsahihisha. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, niliiona ile u mahali pa i, nikanyamaza.

Shifaa tunaijua sote. Ni uponyaji, tunamwombea mgonjwa, tunaiandika kwenye vibao vya maduka ya dawa. Shufaa nayo si ngeni, ila wengi wetu tumeizoea msikitini, ambako maana yake ni uombezi: mtu kusimama kwa niaba ya mwenzake asiye na wa kumtetea. Ukiikuta hospitali, sikio hukimbilia neno lililo karibu. Ndiyo hatari ya istilahi hii: iko irabu moja tu kutoka kwenye ahadi isiyoweza kuitimiza.

Basi tiba shufaa ni nini? Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ni huduma inayoboresha maisha ya mgonjwa mwenye maradhi yanayotishia uhai, pamoja na maisha ya familia yake, kwa kutambua mapema na kutuliza maumivu na shida nyingine, ziwe za mwili, za nafsi, za kijamii au za kiroho. Haiharakishi kifo wala haikiahirishi. Wala haisubiri daktari aseme ameshindwa: inaweza kuanza siku ugonjwa unapogunduliwa, ikaenda bega kwa bega na mionzi au dawa za saratani. Kwa shangazi ilikuja mwishoni kwa sababu tuliambiwa mwishoni.

Huduma yenyewe katika sura yake ya kisasa hutajwa pamoja na jina la Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba mgonjwa haumwi na uvimbe peke yake. Huumwa pia na ada ya shule isiyolipwa, na ndugu waliokosana, na swali la kwa nini mimi. Ukitibu kimoja ukaviacha vingine, maumivu yanabaki.

Jina ndilo lililosumbua. Daktari mpasuaji Balfour Mount alipotaka kuanzisha huduma kama hiyo Montreal, Kanada, katikati ya miaka ya 1970, aligundua kwamba kwa wasema Kifaransa wa mji ule hospisi ni makazi ya mafukara, mahali pa kutupwa. Nani angempeleka mama yake huko? Akatafuta jina jingine, kwa Kiingereza "palliative care", akaliegemeza kwenye neno la Kilatini "pallium", yaani joho. Kwa hiyo istilahi tunayohangaika kuitafsiri sisi ilizaliwa yenyewe kutokana na tatizo la tafsiri.

Tungeifuata njia ya joho, tungepata tiba ya stara, na isingekuwa mbaya; Mswahili anajua thamani ya kusitiriwa. Lakini joho hufunika, na kufunika tumekuzoea mno. "Asiambiwe, presha itampanda." Funika kombe mwanaharamu apite. Mgonjwa anajua, watoto wanajua, na kila mmoja anamwigizia mwenzake. Tiba hii haikuja kuficha.

Wapo wanaosema tiba nafuu. Nafuu ni neno zuri kitandani: "Leo nimepata nafuu kidogo." Lipeleke sokoni, linageuka. Kiatu cha bei nafuu, nyumba za gharama nafuu. Familia iliyouza shamba ili kulipia matibabu ikisikia sasa inapewa tiba nafuu, itadhani mgonjwa wao amepewa ya maskini.

Kiswahili kina jozi nyingine ambayo naipenda: kuponya na kupoza. Kuponya ni kuondoa ugonjwa. Kupoza ni kuondoa makali yake, kama unavyoupoza uji kabla ya kumlisha mtoto. Kwa kueleza, sijaona maneno yaliyo wazi kuliko haya. Kwa jina rasmi, kupoza ni kudogo, kwa sababu hakumtaji anayepoza wala hakusemi atakaa hadi lini.

Hapo ndipo shufaa inapopata uzito. Kila aliyesoma hesabu za shule ya msingi Tanzania alifundishwa namba witiri na namba shufwa. Tatu ni witiri, inabaki na moja isiyo na mwenza. Nne ni shufwa, kila moja ina ya pili yake. Shufwa na shufaa zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kukifanya kimoja kuwa viwili. Mwombezi anaitwa hivyo kwa kuwa amekwenda kusimama kando ya aliyekuwa peke yake. Witiri imekuwa shufwa.

Nesi wa tiba shufaa alifika siku ya tatu, kwa bodaboda, begi mgongoni. Kaka akamuuliza lini mgonjwa ataanza kupona. "Ni shufaa, kaka, si shifaa," akajibu taratibu. "Kumponya hatuwezi tena. Kumwacha hatumwachi." Kaka alitoka nje, akakaa chini ya mwembe muda mrefu. Aliporudi hakuuliza tena. Alianza kuchota maji.

Kazi ya kwanza ilikuwa harufu. Kidonda cha shangazi kilinuka kiasi kwamba majirani waliishia mlangoni, na yeye, mtu wa stara, alikwisha kukataa wageni. Nesi alisaga tembe za metronidazo, zilezile tunazoziita flajili, akakinyunyizia unga wake kidonda. Siku chache baadaye harufu ilikuwa imekatika, na mke wa jirani akaingia na bakuli la mhogo wa nazi, akakaa hadi magharibi. Unga wa vidonge ulikuwa umemrudishia mgonjwa watu wake.

Kisha mofini, ya maji, machungu, ndani ya chupa ya plastiki. Kaka aliogopa shangazi asije kuwa teja. Nesi akaeleza kwamba dawa inayopimwa kwa maumivu haimfanyi mgonjwa teja, na kwamba hutolewa kwa saa, kila baada ya saa nne, maumivu yasisubiriwe yapige hodi. Mofini ya namna hii, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga na maji kwa gharama ndogo, ilipata sifa Uganda, ambako daktari Anne Merriman alianzisha hospisi jijini Kampala mwaka 1993. Harare walitangulia mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990.

Mwisho akamgeukia shangazi mwenyewe. "Mama, wewe unataka nini?" Tulishangaa. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo tulivyolelewa. Shangazi akasema anataka kulala barazani, aone wapita njia. Tukakitoa kitanda.

Kuna neno moja ambalo waundaji wa istilahi hawakuhitaji kulibuni. Binti yake shangazi, akipigiwa simu, alijibu, "Nipo nyumbani, nauguza." Kuugua ni kwa mgonjwa, kuuguza ni kwa aliye naye, na vitenzi hivi viwili havitenganiki. Katika neno kuuguza hamna ahadi ya kuponya. Mna kuushika ugonjwa pamoja na mwenyewe. Huyo anayeuguza naye ni mlengwa wa tiba shufaa. Na mgonjwa akifariki, sarufi yetu inampa aliyebaki kitenzi chake: amefiwa. Kifo ni cha mmoja, kufiwa ni kwa wengine, na huduma inayojiita shufaa haiwezi kukunja begi siku ya mazishi.

Kwa hiyo nashauri jina libaki tiba shufaa, ila lisiandikwe kwenye kadi na kuachwa lijieleze. Linahitaji mtu wa kulisema kwa mdomo, akiwa amekaa, pamoja na sentensi mbili za yule nesi.

Shangazi alitutoka baada ya majuma matano. Siku ya tatu ya matanga nesi alikuja bila begi, akavua viatu, akaketi mkekani na wanawake. Hakusema mengi. Baadaye alimwita binti pembeni, akamuuliza kama analala. Binti akasema anaamka kila siku saa kumi alfajiri, saa ya dozi, anawasha taa na kutafuta chupa.

"Usijikaripie," nesi akamwambia. "Amka, kunywa maji, ukae kidogo. Nitakuja tena Jumatano."

Akaja.