Nyongeza Si Ziada

Tuseme mtu amepewa leseni ya mazingira ajenge nyumba 40 Kalimoni, Juja, kila moja na ua wake. Kabla msingi haujachimbwa, ramani inabadilika: sasa ni ghorofa za familia 400. Kiwanja ni kilekile, leseni ni ileile, lakini ripoti iliyoizaa leseni hiyo ilipima majitaka ya kaya 40, maji ya kaya 40, magari ya kaya 40. Kazi ya kupima kilichobadilika, juu ya ile ya kwanza, tuiiteje kwa Kiswahili?

Wengi wangesema "tathmini ya ziada ya athari za mazingira". Nina ugomvi na maneno mawili humo.

Kwanza ni hiki kiungo "za". Athari za moshi huletwa na moshi. Athari za mazingira, kwa mantiki hiyo, zingeletwa na mazingira, na hapa mazingira ndiyo yanayoumia. Watanzania wameliweka sawa: tathmini ya athari kwa mazingira. Tuwafuate.

"Ziada" linanisumbua zaidi. Ziada ni kinachobaki haja ikishatimizwa, kama mahindi ya kuuza baada ya nyumbani kushiba. Mwenye mradi akilisikia ataona gharama ya kurukwa, na jirani ataona hisani ya kuombwa. Bunge lina neno bora: swali la nyongeza. Mbunge haliulizi mpaka swali la msingi lijibiwe, kisha hulibana jibu pale penye pengo. Hiyo ndiyo kazi ya tathmini ya nyongeza.

Lakini nyongeza nayo ina mpaka. Sheria ya mazingira ya California, ya mwaka 1970, ina ripoti ya nyongeza pale ambapo marekebisho madogo yanatosha kuifanya ile ya kwanza ifae, na ina ripoti nyingine, pana zaidi, kwa mabadiliko makubwa. Hapa Kenya, kifungu cha 64 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinaipa mamlaka ya mazingira, NEMA, uwezo wa kuagiza tathmini mpya hata baada ya leseni kutolewa: mradi ukibadilika kwa kiasi kikubwa, ukizua hatari ambayo haikutazamiwa, au ikibainika data iliyowasilishwa ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo tuna maneno mawili, "nyongeza" na "upya", na kila moja lina uzito wake. Shimo la majitaka likisogezwa ndani ya kiwanja, nyongeza inaweza kutosha. Kutoka nyumba 40 hadi 400, naona lazima kupima upya.

Tofauti hiyo si ya wanakamusi tu. Mashamba ya mkonge na kahawa kati ya Ruiru na Thika yanaendelea kukatwa ploti, na sehemu nyingi za Juja zina ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kukataa kunywa maji mvua ikinyesha. Majitaka yanayofurika juu yake huufuata mteremko, na mteremko huishia mtoni, Ndarugu ukiwa karibu.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi aitishe angalau mikutano mitatu ya wananchi, tena atangaze redioni kwa lugha rasmi na za kienyeji. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010. Mtangazaji akisema "tathmini ya ziada", mama mwenye kisima chini ya kiwanja kile atabaki shambani mwake. Akisema "mradi umebadilika, athari zake zinapimwa upya", atauliza mkutano ni saa ngapi.