Herufi Zisizotamkwa katika Maneno ya Kiingereza

Katika imla ya Kiingereza liko neno liwakwazalo wanafunzi wengi, nalo ni "receipt", maana yake stakabadhi. Mwanafunzi huliandika kama alisikiavyo, akaiacha herufi p. Wenzake wakamcheka, naye akajiona mjinga. Leo sisi walimu twapenda kumtetea, kwa kuwa p hiyo ina historia yake, na aijuaye historia hiyo hatakosea tena upesi.

Hapo kale Waingereza nao waliandika kama walivyosema, kila mwandishi kwa desturi ya kwao. Katika neno "knight", maana yake askari wa heshima apandaye farasi, k ilitamkwa, na gh ilisikika karibu kama kh katika neno letu kheri. Mwaka wa 1476 William Caxton, mfanya biashara aliyejifunza ng'ambo kazi ya kupiga chapa, alisimamisha mtambo wake Westminster, wakati ule nje ya mji wa London. Vitabu vikaenea, na maendelezo ya maneno yakaanza kukaa imara kidogo kidogo. Lakini ulimi haukukaa. Sauti zilibadilika, na katika karne ya 17 k ile ikanyamaza, herufi yake ikabaki kama nguzo ya nyumba iliyohamwa. Basi "knight" likasikika sawasawa na "night", yaani usiku, na k peke yake ndiyo iyatengayo machoni.

Ziko herufi nyingine ambazo zilitiwa baadaye, wala hazikupata kutamkwa. "Debt", maana yake deni, lilitoka katika Kifaransa bila b. Wataalamu waliopenda mno Kilatini wakaitia b, kwa sababu Walatini walisema "debitum". Vivyo hivyo wakatia p katika "receipt", kwa ajili ya "recepta". Neno "deceit", maana yake hila, ni ndugu yake. Wengine waliliandika kwa p vilevile, lakini desturi hiyo ikafa.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka wa 1755, aliandika "receipt" kwa p na "deceit" bila p. Katika dibaji alikiri kwamba hapo amefuata desturi ya walio wengi. Hata bwana wa kamusi, basi, hakuona kanuni mahali hapo. Aliona mazoea tu.

Kiswahili chetu husomwa kama kiandikwavyo, nasi twadhani lugha zote zina tabia hiyo. Ajifunzaye Kiingereza na alitazame neno kwa macho, asilitegemee sikio peke yake, kisha aulize maana yake na asili yake. Alipaye deni hupewa stakabadhi: deni lina b yake, stakabadhi ina p yake. Hila peke yake haikuficha herufi. Na yule akosaye katika imla asichekwe, maana amekwazwa na herufi iliyotiwa na wataalamu wenyewe.