Ukienda Coasto Usirudi na Picha za Bichi Pekee: Cheki Hizi Mahali

Kila Disemba ni form ile ile. Wasee wanajaza SGR, wanashuka Miritini, wanaingia Nyali ama Diani, wiki moja ya sherehe, halafu Januari inawapata hawana hata ya unga. Hakuna mtu anakukataza kudunda. Shida ni venye unaweza enda Coasto mara kumi na bado unaamini ile stori ya darasani kwamba mambo ilianza huko Mreno alipofika. Zii. Kulikuwa na miji kitambo, na zingine bado ziko kando tu ya barabara yenye mat yako inapita.

Tuanze na Mtwapa, juu najua utafika huko. Watu wanakesha kwa klabu, asubuhi wanalala, na Jumba la Mtwana iko hapo karibu, mwendo mfupi wa boda. Huu ni mji wa mawe wa karne ya 14, ulioachwa karne iliyofuata. Msikiti mmoja uko karibu sana na bahari, mawimbi unayasikia ukiwa ndani ya kuta zake. Kuna mibuyu, kuna kivuli na kelele hakuna. Kwa msee mwenye kichwa inamgonga, hiyo ni dawa.

Fort Jesus unaijua, lakini wengi wanapiga selfi kwa mlango wanaishia. Ingia ndani, bana. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na ukiiangalia kutoka juu imechorwa kama mtu amelala chali. Waomani waliizingira kuanzia 1696, wakaingia 1698. Fikiria kufungiwa kwa hizo kuta karibu miaka 3, njaa na magonjwa zikimaliza watu mmoja mmoja. Meli moja ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama 1697 hapo mbele ya ngome, na vitu zilitolewa chini ya maji utaziona kwa makumbusho. Mwingereza naye akaifanya jela kutoka 1895 hadi 1958. UNESCO iliipa heshima ya urithi wa dunia 2011.

Sasa, kama una siku moja tu ya kutoka bichi, mimi ningekwambia Gedi, hata kabla ya Fort Jesus. Panda mat ya Malindi, shuka Gede, chukua boda ama tembea. Ndani ya msitu unapata mji mzima: ikulu, msikiti mkuu, visima, makaburi yenye nguzo. Kaburi moja lina tarehe inayoangukia mwaka wa 1399. Nyumba zilikuwa na vyoo na mahali pa kuogea, na wasee walikuwa wanakulia kwa vyombo vya kaure kutoka China. Mchimbaji James Kirkman alianza kazi hapo 1948, na nyumba zikapewa majina kulingana na kitu ilipatikana ndani, so utaona Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma.

Kitu inasumbua watu hadi leo ni hii: Wareno walikaa Malindi miaka mingi, kilomita kama 15 tu kutoka hapo, na maandishi yao hayaitaji Gedi. Alafu karne ya 17 ilipoanza, mji ukabaki mahame. Wengine wanasema ni vita, wengine wanasema maji ya visima yalienda chini. Wenyeji watakupa stori za mizimu wanaolinda mahali. Amini unachotaka, lakini ukiwa hapo saa kumi na moja jioni, ukisikia tu nyani, hutacheka sana. Gedi nayo iliingia orodha ya UNESCO 2024.

Tafadhali usichonge jina yako kwa ukuta. Wewe na bae mtaachana, lakini hiyo alama haitoki.

Hapo jirani ni msitu wa Arabuko-Sokoke, makao ya sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Ndio, umesoma poa. Anapatikana karibu huko pekee duniani.

Malindi, nguzo ya Vasco da Gama ni ya dakika kumi. Jamaa alifika 1498, Mombasa ilikuwa imemkataa, Malindi ikamkaribisha na kumpa nahodha wa kumwelekeza India. Piga picha, uendelee hadi Marafa. Bonde hilo, lenye wenyeji huita Nyari, limechongwa na mvua na upepo hadi mchanga ukabaki minara ya rangi nyekundu, ya machungwa na nyeupe. Wagiriama wanasimulia kulikuwa na familia tajiri iliyokuwa inaoga maziwa, ikamezwa na ardhi. Enda jioni. Saa sita mchana joto ya huko chini ni ngori, na hakuna kivuli.

Kwa wale wa Diani, kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia UNESCO 2008. Hapa rada ni tofauti: unavaa kaniki nyeusi kiunoni, unavua kofia, na hakuna kubusiana. Hii si kiki ya watalii, wazee bado wanaomba humo, na miti imebaki juu ya hizo sheria, wakati bichi ya karibu imejaa hoteli.

Beba kitambulisho kila mahali, juu bei ya Mkenya ni ndogo kuliko ya mgeni, na cheki bei kwa eCitizen kabla hujatoka. Lamu sijaitaja juu inataka safari yake, si ya kuenda na kurudi siku moja.

Ukisonga zaidi kusini utafika Shimoni, kwa mapango ya matumbawe yenye watumwa walifungiwa wakingoja kuvushwa baharini. Boti za kuenda Kisite-Mpunguti kucheki pomboo hutoka hapo hapo asubuhi, so anza na bahari, pango uingie ukirudi.