Nukta na Mkato katika Hesabu za Waholanzi na Waingereza

Mnamo mwaka 1585, katika mji wa Leiden, Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alipigisha chapa kijitabu chake De Thiende, akawabainishia wapima ardhi na wafanyabiashara ya kuwa hesabu za sehemu za kumi zaweza kufanywa kwa wepesi ule ule wa namba nzima. Ila alama yake, duara dogo lenye tarakimu ndani, iliichosha kalamu, wala haikudumu. Waingereza, waliokipata kitabu hicho kwa lugha yao mwaka 1608, hatimaye walishika nukta kutenga sehemu hizo za kumi. Waholanzi wakashika mkato, na nukta wakaiweka kutenga maelfu. Basi karani wa Amsterdam aandikapo 1.500, akikusudia elfu moja na mia tano, msomaji wa London huona moja na nusu, hitilafu ambayo, kwa rai yangu, yashinda kosa lolote la sarufi kwa hatari, maana haina dalili. Tena Mholanzi hutamka tano na ishirini, kama Waingereza wa zamani, hata mkono wake ukaelekea kuandika 52 mahali pa 25. Kuhusu nukta na mkato, mkutano mkuu wa vipimo wa mwaka 2003 uliziruhusu alama zote mbili kwa desimali, ukazikataza zote mbili kutenga maelfu.