Mizinga Sita

Mwaka 2018 nilimwaga asali ya Tata kwa sababu ya mshono mmoja.

Tata ni mdogo wake mama. Anaishi upande wa Siakago, kule Mbeere, ambako jua halina huruma na mibono na migunga ndiyo hulisha nyuki. Asali yake huipeleka Meru, soko la Gakoromone, kwa sababu anasema watu wa Embu wanapenda kujadiliana bei hadi asali igande. Kwa hiyo ni matatu ya kwanza hadi Embu mjini, halafu ya pili kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru. Hiyo barabara inauzunguka Mlima Kenya na kukata kila mto unaoshuka kutoka juu. Unateremka bondeni, unapanda, kona, unateremka tena. Ukibeba chupa za glasi utazisikia zikiongea njia nzima.

Chupa zenyewe ni mizinga. Msomaji wa mjini anajua mzinga ni nini: chupa ya mililita 750, ile ambayo Jumamosi usiku huwa na kitu kingine ndani. Watu wa asali huziokota au huzinunua kutoka kwa mabaa, wanazichemsha, wanazijaza. Lakini mzinga ni neno la zamani zaidi ya baa. Ni lile gogo lililotobolewa katikati na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Ni bomba la kurushia risasi kubwa vilevile. Kila kitu kirefu, cha duara, chenye uwazi ndani kimewahi kuitwa mzinga. Sijui kama kijana aliyeipa chupa ya pombe jina hilo alimfikiria nyuki hata kidogo, lakini kwa Tata asali inatoka kwenye mzinga na kuingia kwenye mzinga, na yeye haoni cha kuchekesha hapo.

Chupa ya aina hiyo si kitu cha kale vijijini. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliziwajibisha dola za kikoloni kuzuia pombe kali za biashara zisiuziwe Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na serikali ya kikoloni ya Kenya ilishika katazo hilo kwa miongo kadhaa. Bibi yake Tata angeiona chupa ya whiski mezani kwa mzungu, labda, kama alifanya kazi huko. Asali ya wakati wake ilikaa kwenye vibuyu na kwenye mapipa madogo ya mbao yaliyofunikwa kwa ngozi. Ilikuwa mali ya heshima. Pombe ya asali ilikuwa sehemu ya mazungumzo ya mahari, na wazee hawakukaa kuamua jambo kubwa na koo kavu.

Kibuyu na chupa ni mizigo miwili tofauti kabisa. Kibuyu ni chepesi, na kikigongana na kingine hakuna habari. Shida yake ni tumbo la duara, hakisimami. Ndiyo maana kuna ngata, ule mviringo wa majani au kitambaa unaowekwa chini yake, au kichwani kwa mbebaji. Chupa inasimama vizuri sana, asante, ila ni nzito na haitaki jirani. Fanya hesabu. Mililita 750 za asali zina uzito unaozidi kilo moja, maana asali ni nzito kuliko maji karibu mara moja na nusu. Ongeza karibu nusu kilo ya glasi. Chupa sita ni kama kilo tisa, na zote zinataka kugusana.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa juala. Wengine tuliliita karatasi, ingawa halikuwa na karatasi hata chembe. Tata alikuwa anavisha kila mzinga majuala mawili, anafunga fundo, anazipanga kwenye kiondo. Ile nailoni iliyobanwana kati ya chupa na chupa ilifanya kazi ya mto wa kulalia. Hakununua hata moja. Alizikusanya tu, kila ukinunua nyanya za shilingi ishirini unapewa juala.

Halafu ikaja tarehe 28 Agosti 2017. Kwa walio wadogo: serikali ilikuwa imejaribu mwaka 2007 ikashindwa, ikajaribu tena 2011 ikashindwa, kila mara ikipiga marufuku mifuko iliyo chini ya unene fulani, kana kwamba polisi angetembea na kipimo sokoni. Wangari Maathai alikuwa amelipigia kelele jambo hili mapema zaidi. Alikuwa anasema juala lililotupwa hukusanya maji na maji hayo huzaa mbu wa malaria, na aliwaambia watu warudi kwa vikapu vyao. Alifariki 2011. Huko Nakuru, mpiga picha James Wakibia alianza kupiga picha za takataka na kuzisambaza mtandaoni hadi watu wakaona aibu. Mwezi Februari 2017 Waziri wa Mazingira, Judi Wakhungu, alitoa tangazo kwenye gazeti la serikali, watu wakapewa miezi sita. Adhabu: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au jela mwaka mmoja hadi minne.

Naliunga mkono katazo hilo, nisieleweke vibaya. Nimeuona mto Rupingazi kabla na baada. Lakini milioni 2 ni adhabu ya kumwambia mwenye kiwanda. Tata alipoisikia kwenye redio alizikusanya juala zake zote, akachimba shimo, akazika. Alikuwa na hofu ya kukutwa nazo chini ya godoro. Jumatatu iliyofuata alipanga mizinga kwenye kiondo na majani ya mgomba katikati, kama vile watu wa Igembe wanavyofunga miraa, na ilifika salama. Ila kiondo ni cha duara. Chupa zikiegemea ukuta wa duara zinalala, na chupa ya asali ikilala, kizibo cha mtumba kinavuja. Alifika Meru na kiondo kinachonata, nzi nyuma yake.

“Wewe umesoma,” akaniambia kwa simu. “Nishonee kitu chenye vyumba. Kila mmoja akae kwake.”

Nilikuwa na cherehani ya mama, ya miguu, nzito kama mtu. Neno cherehani lenyewe limetoka Uajemi, na asili yake ni gurudumu. Mashine hizi zilifika kwetu kupitia njia ileile ya maduka ya Wahindi. Waingereza walifungua kituo cha Embu mwaka 1906 na cha Meru mwaka 1908, na nyuma ya kila kituo yalifuata maduka, na kwenye baraza la duka aliketi fundi na mashine yake. Ukinunua kitambaa ndani, unashonewa nje. Ukipita Embu mjini leo bado utawakuta barazani, ingawa siku hizi wengi wanabadilisha zipu na kupunguza suruali za mitumba.

Nilitafuta kitambaa kigumu na mwenye duka akaniletea jora la rangi ya maziwa. “Hii ni marekani,” akasema. Nilicheka, maana kitambaa kilitoka China, amenionyesha muhuri. Lakini jina hilo lina zaidi ya miaka 150. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walileta pamba isiyopaushwa Zanzibar tangu miaka ya 1820. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833, balozi wao mdogo akafungua ofisi 1837, na kitambaa kikaitwa kwa jina la nchi. Misafara iliyoingia bara ilikibeba kama pesa, kikipimwa kwa mikono. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 pamba ikaadimika, viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi, na jina halikubadilika. Sasa ni China. Kinachoniuma kidogo ni kwamba nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, hukohuko kwa Tata, zimewahi kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya Kenya. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, viwanda vikafunga, na mkulima akang'oa pamba apande ndengu.

Basi nikashona. Nilikata kitako, kuta nne, na ndani nikaweka ukuta mmoja mrefu na miwili mifupi ya kuukata, vyumba sita. Kila chumba sentimita 10 kwa 10, chupa ikae bila kubanwa. Mishikio miwili nikaishona juu, ukingoni. Ulikuwa mzuri. Niliupiga picha nikaiweka Instagram, hilo nalikiri.

Uliachia kwenye mteremko wa Thuci. Mimi sikuwepo, Tata alinieleza baadaye, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kondakta alimwomba asogee, akauinua mfuko kwa mishikio, na mshono wa kitako ukafunguka kutoka kona hadi kona. Mizinga minne ilipasuka. Abiria waliinua miguu. Aliniambia mtoto mmoja aliinama kutaka kulamba na mama yake akamzuia kwa sababu ya vipande vya glasi. Asali ya wiki mbili. Alilipa nauli ya kwenda na kurudi kwa chupa mbili.

Nilikwenda Siakago kumwomba msamaha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kiondo, na hakuniambia chochote kuhusu mfuko. Nikakaa nikimtazama mikono. Nilikuwa nimekiona kiondo maisha yangu yote na sikuwahi kukiangalia kikianza. Hakianzi pembeni. Kinaanza katikati ya kitako, nyuzi chache zimefungwa pamoja, zinatawanyika kama miale, na uzi mwingine unazizunguka na kuzifunga moja moja huku akiongeza mpya, hadi kitako kinapinda chenyewe kuwa ukuta. Nyuzi zilezile za chini ndizo zinapanda hadi mdomoni. Hakuna mshono. Na ule mkanda wa ngozi wa zamani, uliopita kwenye paji la uso la mbebaji, ulizunguka mzigo wote kwa chini. Haukushikilia ukingo. Ulibeba tumbo.

Mfuko wangu ulikuwa umeutundika uzito wote kwenye uzi mmoja.

Si kwamba kiondo hakijawahi kubadilika. Katani yenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanganyika miche 62 tu hai, na kutoka hapo mashamba yakaenea hadi Kenya. Kabla ya hapo wanawake walitoa nyuzi kwenye magome ya vichaka na ya mbuyu, wakazisokota pajani. Katani ikaja, wakaichukua. Sufu na nailoni zikaja, wakazichukua nazo. Kilichokaa palepale ni pa kuanzia. Na mabinti waliojua pa kuanzia walipungua katika miaka ileile ambayo juala lilikuwa la bure. Mama hajui kusuka. Mimi ndiyo usiniulize.

Mfuko wa pili niliukata upya. Kitako kina tabaka mbili. Mishikio ni mikanda miwili mirefu inayoanza mkononi, inashuka ukutani, inapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, imeshonwa kwa urefu wote, kwa hiyo ukiinua unainua chupa, kitambaa kinazuia tu zisitoke. Kuta za ndani nilizishona kwenye kitako na kwenye kuta za nje kabla ya kufunga pande, kwa sababu mara ya kwanza niliziingiza mwishoni na zilikuwa zinaelea. Kila mwanzo na mwisho wa mshono nilirudisha nyuma mara tatu. Ukingo wa juu wa kuta za ndani niliuacha chini kidogo ya mabega ya chupa, vidole vipate pa kushika shingo. Nikauvuta kwa matofali siku mbili kabla ya kuupeleka.

Katikati ya hayo yote, mjini palikuwa na ile mifuko ya rangi iliyochukua nafasi ya juala, ile inayofanana na kitambaa na si kitambaa. Mwaka 2018 NEMA ilitangaza kwamba nayo iondoke, kwa sababu mingi ilikuwa myembamba mno kutumika mara ya pili. Tata alinunua mmoja kwa shilingi kumi na kuutumia kama kofia ya mvua.

Safari ya kwanza ya mfuko wa pili nilikwenda naye. Kwenye bonde la Thuci wote wawili tulinyamaza. Kwenye bonde la Nithi alianza kuzungumza habari za harusi ya jirani. Gakoromone tulifika na mizinga sita, kavu, imesimama, kila mmoja chumbani kwake. Mteja wake, mama mmoja mwenye kibanda cha vyakula, alinunua yote, akaushika mfuko, akaugeuza chini juu, akavuta mkanda kwa nguvu za mtu aliyezoea kununua mbuzi.

“Na huu ni pesa ngapi?”

Tata aliniangalia. Sikuwa nimefikiria bei. Akataja mwenyewe, kubwa kuliko ambavyo ningethubutu, na tukarudi Embu mikono mitupu. Tulipokuwa tunateremka Chuka akaniambia nishone mingine mitatu, ila vyumba niviongeze upana kidogo, kwa sababu zile chupa za pembe nne zinakwama.