Waifai ikigoma nyumbani, anza kutazama mwenyewe

Jioni moja kijana wangu alikuwa akijaza fomu ya chuo kwenye laptopu, na mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita usiku. Baada ya Magharibi, waifai ikapotea. Nikamwita fundi. Akaja, akabonyeza kitufe kimoja ubavuni mwa laptopu, taa ikawaka, akataka shilingi 1,000. Nililipa, fomu ikaenda. Lakini nikajiambia: siku nyingine nitatazama kwanza. Utaratibu wenyewe ni huu.

Jua ubovu uko wapi

Chukua simu yako, zima data, iunge na waifai ya nyumbani. Simu ikifungua mtandao, ruta ni nzima na ubovu uko kwenye kompyuta. Simu nayo ikishindwa, iache kompyuta, nenda kwenye ruta.

Ikiwa ni ruta

Tazama taa. Kwa wenye faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mawimbi hayafiki kwenye kifaa: huenda uzi umekunjika au umekatika nje. Hapo pigia kampuni. Usichungulie ncha ya uzi huo. Mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Taa zikiwa sawa, hakikisha malipo ya mwezi hayajaisha. Kisha chomoa ruta kwenye umeme, ngoja nusu dakika, irudishe, uipe dakika tatu. Kile kitundu kidogo cha nyuma usikidunge sindano. Kinafuta mipangilio yote, na ruta nyingine hazirudi mtandaoni mpaka kampuni izipange upya.

Ikiwa ni kompyuta

1. Tazama kama alama ya ndege imewashwa, au kitufe cha waifai kimezimwa. Mkono wa mtoto hufanya hayo bila mtu kujua.

2. Iambie kompyuta iusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya. Nywila inatofautisha herufi kubwa na ndogo.

3. Angalia tarehe na saa. Kompyuta kuukuu, betri yake ndogo ya ndani ikifa, hurudi nyuma miaka. Waifai itashika, lakini kurasa za benki na za serikali zitakataa kufunguka.

4. Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta. Zima vyote viwili, washa ruta kwanza, kompyuta baadaye.

Waifai ipo lakini dhaifu

Nyumba zetu za Mji wa Kale na za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene. Ukuta mmoja wa namna hiyo hula mawimbi mengi. Ruta nyingi hutoa masafa mawili: gigahezi 5, yenye kasi lakini dhaifu ukutani, na gigahezi 2.4, ya polepole lakini hupenya zaidi. Chumba cha mbali kitumie ya pili. Ruta iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu na friji, si ndani ya kabati la vyombo. Kwenye maghorofa, ambako kila mlango una ruta yake, chagua chaneli 1, 6 au 11 kwa gigahezi 2.4, hizo haziingiliani.

Yote yakishindikana

Unga kompyuta na ruta kwa waya. Mtandao ukipatikana, kilichobaki ni kifaa cha waifai cha kompyuta, na vipo vidogo vya kuchomeka kwenye USB. Sasa mwite fundi, na umwambie yote uliyojaribu. Hatakulipisha kwa kubonyeza kitufe.

Na usiku fomu ya mtoto ikibakiwa na saa moja, usihangaike na ruta. Washa data ya simu, igawie kompyuta, fomu iende. Ubovu utautafuta asubuhi, inshallah.